Wageni Wasimame

Jumatatu, Julai 2006. Baridi ya kuuma mifupa, na jua hatujaliona tangu wiki iliyopita. Naandika haya kwenye kompyuta ya ofisi, hapa mjini Nairobi, kabla wenzangu hawajafika. Roho yangu haijatulia.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma riwaya ya zamani ya huko Ulaya, niliyoinunua kwa wauza vitabu wa barabarani. Ni habari za karani anayeishi katika mji mkubwa bila kujuana na mtu. Hagombani na yeyote, hapendwi na yeyote, na kadiri kurasa zinavyosonga ndivyo anavyozidi kufifia. Alinikasirisha sana. Nilisema huyu anajidekeza tu, si angetafuta hata kanisa!

Mimi ninalo. Miaka kadhaa sasa nasali karibu na Adams Arcade, benchi lilelile la nyuma, kando ya Mama Njeri, mjane anayeimba kuishinda kwaya.

Jana, wakati wa wageni kusimama ulipofika, binti wa kukaribisha watu alinijia akitabasamu. "Uncle, simama basi tukuone. Usiogope."

Nilidhani ni utani. Nikamgeukia Mama Njeri anitetee. Akanigusa bega. "Simama tu, hapa hatuumi mtu."

Nikasimama.

Kanisa zima likaninyoshea mikono, likaniimbia ule wimbo wa wageni ambao mimi mwenyewe nimewaimbia wengi. Pasta akaniuliza jina na ninakotoka. Mimi si Peter, na naishi chumba kimoja Riruta, mbali na mitaa ya matajiri kama Spring Valley. Lakini sijui ni hasira au ni nini, nikasema, "Naitwa Peter, wa Spring Valley." Kisha nikangoja mtu mmoja tu acheke aseme, "Wee, acha uongo!"

Walipiga makofi.

Baada ya ibada nilipewa chai na mandazi ya wageni. Mama Njeri akaniuliza kama nina watu wangu hapa Nairobi. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikaona anavyonihurumia, nikashindwa. Pasta naye akasema kundi la ziara litamtembelea Ndugu Peter Jumanne, kama wanavyowafanyia wageni wote. Nikawaelekeza kwenye geti jeusi ambalo nimewahi kulipita tu.

Nilipofika nyumbani sikukigusa kile kitabu. Nilikaa kitandani na koti mwilini, nikiwasikia majirani wa ploti, wapangaji wenzangu, wakisalimiana nje ya mlango wangu. Nilitaka kutoka nikawasalimie, nikagundua simjui hata mmoja kwa jina. Ninaogopa, kusema kweli.

Kesho watakwenda Spring Valley na Biblia zao na mkate, wagonge geti, wamwulizie Peter kwa upendo wote. Na likinipata jambo kule chumbani Riruta, ni nani atakayegonga?