Kifungo Hajalia Hata Mara Moja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nyingine mpe Baba, ukimkuta amelala kitini na gazeti usoni basi mwamshe umpe hivyo hivyo. Natumaini goti lako limetulia na kwamba umeacha kupanda ngazi kwa ubishi. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kazini hawajanichoka. Najua unashangaa kupata barua. Umezoea simu, na simu zenyewe tangu mwaka jana ni za kukatikakatika. Nikipokea tu nasema mtandao mbaya, kisha nakata. Sababu utaipata humu humu, nivumilie. Kwanza nina habari inayoniwasha ulimi: Mama, nina mtoto!

Kaa chini, usimwite Shangazi bado. Ana miguu minne.

Ni mtoto wa mbwa, wa ile aina ndogo kabisa ambayo hata ikikomaa haifiki goti. Nimempata kwa mfumaji mwenzangu, yule ambaye mitambo yake inapakana na yangu kiwandani. Ana wiki tisa, rangi yake ni ya maziwa yaliyodondoshewa chai, na masikio amepewa ya mbwa mwingine mkubwa zaidi. Juu ya pua ana doa jeusi la duara, ndiyo maana nikamwita Kifungo. Najua utasema mahali pa mbwa ni uani. Ulisema hivyo nilipokuwa na miaka saba, ukarudia nilipokuwa na kumi na miwili, na mara zote mbili nililia mpaka nikapata kwikwi. Sasa nina thelathini na minne na ufunguo wa chumba ninao mwenyewe. Raha niliyo nayo, we acha tu!

Ufunguo ni wangu ila nyumba si yangu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwenye nyumba wetu ni mkunga mstaafu, mama mmoja mnyoofu kama rula, na katika nyumba yake mnyama hajawahi kukanyaga. Nilimbembeleza mwezi mzima. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: wiki moja ya majaribio, na mbwa akiwanyima wapangaji usingizi, atarudi alikotoka bila mjadala. Nilisema sawa kabla hajamaliza sentensi. Tangu saa ile sikuwa na wazo jingine kichwani ila hilo tu, Kifungo abaki au arudi.

Nilimbeba kwenye kikapu pamoja na kitambaa chenye harufu ya mama yake. Njia nzima alitetemeka, na tulipofika mlangoni akanilowanisha blauzi. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima: nyaya zote nimezifunga juu, viatu nimevipandisha kabatini, magazeti nimeyatandaza kona moja, na boksi nimelijaza vipande vya flana kando ya kitanda. Bwana mkubwa hata hakulitazama. Aliingia uvunguni akagoma. Nililala kifudifudi kwenye sakafu saa nzima, sare ya kazi mwilini, nikimwimbia upuuzi. Ghafla akatoka, akanilamba pua. Mama, nilitokwa na machozi, mtu mzima!

Daktari wa mifugo alinionya kwamba hawa wadogo hawachezewi. Anakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo, maana akikaa na njaa muda mrefu huishiwa nguvu ghafla. Haruhusiwi kuruka kutoka kitandani, mifupa yake bado laini, wala kukanyaga barabarani kabla hajamaliza chanjo. Kwa hiyo namzungusha uani ndani ya mfuko wa aproni, kichwa nje, akikagua kila kitu kama afisa wa afya. Mchana nikiwa zamu, mwalimu wa chumba cha pili humlisha, kwa kuwa shule zimefungwa.

Na sasa nikueleze majigambo yangu. Asubuhi ya kwanza niliamka nikamkuta ameketi ndani ya boksi ananitazama. Nikatoka uani kifua mbele, nikawatangazia wote waliokuwa wakichota maji kwamba Kifungo hajalia hata mara moja. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Asubuhi ya pili nikatangaza tena. Ya tatu nikavuka mpaka, nikamwambia mwenye nyumba mwenyewe kwamba watoto wa watu waletwe kwangu wafundishwe adabu na mbwa. Hakucheka. Nilidhani ameamka vibaya.

Siku ya nne alikuja akasimama mlangoni kwangu, mikono kifuani. Alisema kwamba katika miaka arobaini ya kuzalisha hajasikia kiumbe akilia namna ile, usiku tatu, tangu taa zizimwe mpaka kuche, na mlezi wake amelala hapo hapo pembeni. Alisema mwongo angeweza kumvumilia. Lakini mtu anayemsikia mtoto akilia akageukia ukutani, na asubuhi akaja kulifanyia mzaha, huyo hamtaki chini ya paa lake. Jumamosi mbwa arudi. Nilipigwa na butwaa. Niliapa kwa kila kitu ninachokijua, na yeye akatikisa kichwa akaenda zake. Nikamkimbilia Mwalimu anitetee. Maskini, aliangalia vidole vyake vya miguu, halafu akakiri kwamba ni kweli, na kwamba amewahi kunigongea ukuta kwa kiatu mara mbili. Nilikasirika, Mama. Nilisema moyoni kwamba watu hawa wana wivu na furaha yangu.

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Nilimweka Kifungo kwenye boksi, nikaenda mpaka mlangoni kama mtu anayeondoka, kisha nikageuka. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, mdomo wazi. Niliziona mbavu zake zikiingia na kutoka. Niliuona ulimi ukitikisika. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Nikarudi, nikamwekea vidole viwili kooni, na koo lilikuwa linatetemeka kwa nguvu kama mtambo wangu ukiwa kazini.

Mama, sisikii.

Sikio la kulia lilianza kufifia miaka mitatu iliyopita, la kushoto likafuata. Daktari wa masikio aliniambia mwaka jana kwamba ni kelele za mitambo, miaka kumi na moja ya kusimama katikati yake. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikaenda kuificha karatasi yake chini ya sanduku. Kiwandani hakuna aliyegundua, kwa sababu mle ndani hakuna anayesikia. Sote tunasomana midomo, na mimi ndiye bingwa. Msimamizi wetu hunituma nimsomee wanachosema wakubwa nyuma ya kioo! Mitaani nako ni hivyo hivyo. Watu hunisifu kwamba nasikiliza kwa makini, kumbe nawakodolea macho. Ni simu tu ndiyo haina midomo. Mtandao haukuwa mbaya hata siku moja, Mama. Nilikuwa naogopa kukujibu jambo ambalo hukuuliza. Nilijidanganya kwamba bado nimebakiwa na kiasi cha kutosha, na ningeendelea kujidanganya kama asingekuja huyu, ambaye mdomo wake sijui kuusoma.

Ijumaa nilimbeba nikaenda kwa mwenye nyumba. Sikumwomba chochote. Nilimwambia tu, yote, na yeye akawa mtu wa kwanza duniani kulisikia. Alihamia karibu na dirisha, mwanga ukampiga usoni, akaanza kuzungumza taratibu ili nimwone vizuri. Kitu hicho tu kilinimaliza, nikalia. Alisema yeye ndiye wa kuomba radhi, na kwamba hawezi kumfukuza kiumbe aliyemwita mtu usiku tatu mfululizo bila kukata tamaa. Kisha akaniuliza kama mama yangu anajua. Nikainamisha kichwa. Akaninyanyua kidevu kwa kidole, nisome vizuri, akanipa sharti jipya: mbwa atabaki endapo nitakuandikia. Haifai, alisema, mwenye nyumba ajue kabla ya mama mzazi. Ndiyo hii unayoisoma.

Kwa hiyo anabaki, Mama! Kifungo anabaki! Mkunga mwenyewe alikuja kunionyesha namna ya kumtuliza usiku. Boksi tumelisogeza mpaka limegusa kitanda, nami hulala mkono mmoja ukiwa ndani yake, akijigeuza tu najua. Siku tisa sasa hajalia, na safari hii nimemuuliza Mwalimu kwanza. Kifungo naye ameshanijua. Haniiti tena; akinitaka anakuja kuning'ata kidole gumba cha mguu, na vile vimeno vyake ni sindano tupu. Jana mwenye nyumba aligonga mlango, Kifungo akakimbilia mlangoni, akarudi kuning'ata, akakimbilia tena mlangoni. Yule mama alivyofurahi, alirudi kugonga mara sita nzima! Mguu wangu sasa una plasta.

Nilichelewa kukwambia kwa sababu niliogopa ungeniambia nirudi nyumbani. Sitaki kurudi, Mama. Daktari nitamrudia Jumatatu, kuna vifaa alivyovitaja na safari hii nitamsikiliza, au tuseme nitamtazama. Kiwandani nimeomba kuhamishiwa kwenye ukaguzi wa vitambaa, mbali na mitambo. Kazi nitaiweza. Kitu kimoja tu kimenishinda, nacho ni kukukosa. Mwaka mzima nimekuwa nikikata simu huku natamani kukuona usoni ukinigombeza.

Msalimie sana Baba, na Kaka na mkewe, na Shangazi, huyo sasa waweza kumwita. Wasomee barua hii wote, nimechoka kuficha. Wewe ukishalia kidogo, funga mzigo uje. Usihangaike kunipigia kwanza. Fika tu, ugonge.

Sitasikia, lakini nitafungua.

Akupendaye siku zote,
Kitindamimba wako