Nilimwona Akitoka, Dada Kerubo

Dada Kerubo,

Tulikuzika Nyacheki wiki tatu zilizopita, nyuma ya nyumba ya mama yako, hatua chache kutoka shamba la chai. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika kabla ya ibada. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Nakueleza kwa mpangilio kwa sababu wewe ungeanza kwa kuniuliza nani alisema nini.

Mheshimiwa wenu alikuja. Msimamizi wa mazishi alimpa kipaza sauti kwa utani: "Mheshimiwa, dakika mbili tu. Leo kuna wanahabari hapa, wanajua kusoma saa." Watu wakacheka. Akatumia ishirini. Alisema, "Dada yetu aliwahi kunikosea. Aliandika kwamba nilitoroka Bungeni siku ya kura ya chai. Gazeti lake likaniomba radhi, nami nikamsamehe. Leo namsamehe tena, mbele ya jeneza." Watu wakaitika amina. Mama yako pia.

Aliyefuata nilikuwa mimi, na salamu za wanahabari wa Bunge. Ukurasa mmoja. Niliusoma ulivyo, nikaketi.

Unajua kwa nini hilo halinitoki. Siku ya kura ile tulikuwa wawili tu kwenye roshani ya wanahabari. Wakulima wadogo walikuwa wanataka kifungu cha kuwapa haki ya kuchagua wakurugenzi wa viwanda vyao. Kura ilipigwa kwa sauti, ndiyo na la, kwa hiyo hakuna jina lililoandikwa popote. Aliyetaka kujua nani alikuwamo ukumbini na nani hakuwamo alikuwa na macho yetu tu. Ulikuwa umenifundisha hilo kwa miezi mitatu: "Usimtazame anayeongea. Anayeongea ataandikwa na karani. Tazama mlango."

Niliutazama. Saa kumi na dakika arobaini, yule aliyeapa sokoni Ogembo kwamba atasimama na wakulima alikusanya karatasi zake, akamwinamia Spika, akatoka. Kura ikaitishwa dakika sita baadaye. Kifungu kikaanguka. Kwenye daftari langu niliandika saa, jina lake, na neno moja: nje.

Ukaandika habari. Akakana. Mhariri akaniita peke yangu, akaniuliza nilichoona. Nikasema nilikuwa nimeinamia daftari, sikuona kitu. Nilikuwa mgeni kazini na sikuwa na mkataba. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine. Wewe ulikuwa na watoto wawili na mkataba ambao ungeweza kuvunjwa kwa barua moja, na uliandika.

Radhi ilichapishwa kesho yake bila wewe kuulizwa. Ukarudishwa Kisii kuandika habari za barabara na mvua, na kiti chako cha Bungeni nikapewa mimi. Nimekikalia miaka kumi na moja. Watu huniita mkongwe.

Hukuwahi kunishtaki kwa mtu. Mara moja tu, tulipokutana nje ya ofisi za kaunti pale Nyamira, uliniuliza, "Nyaboke, siku ile ulikuwa umeinamia nini hasa?" Nikasema nilikuwa nanukuu hotuba. Ukacheka. "Basi ilikuwa ndefu, mdogo wangu." Kisha ukaniuliza habari za watoto. Nilipopata taarifa kwamba umelazwa, nilisema nitakuja wikendi. Hukufika wikendi.

Jumapili iliyopita nilirudi Nyacheki. Mama yako alikuwa barazani akichambua maharagwe. Nilimwambia kwa Kigusii, maana kwa Kiswahili ningejificha. Nilimwambia kwamba nilimwona mheshimiwa akitoka, kwamba hukukosea, na kwamba mimi ndiye niliyekana.

Hakulia. Aliuliza, "Mbona hukusema akiwa hai?"

Nilivuta kigoda, nikachambua naye.

Akatupa maharagwe mabovu pembeni. Kisha akasema, "Mimi niliitika amina, mwanangu. Nilimshukuru mtu yule kwa kumsamehe binti yangu, mbele ya majirani wote. Utanitoaje hapo?"

Nimeandika taarifa na kuitia sahihi. Mhariri wetu wa sasa ana nakala, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari. Anasema wakili lazima aipitie, na kwamba marehemu hana haraka. Nilimpigia mheshimiwa pia, kwa kuwa ulinifundisha kwamba anayetajwa apewe nafasi ya kujibu. Alisema haikumbuki siku hiyo. Akanipa pole za msiba.

Sabato hii nitakuwa kanisani kwenu. Mzee wa kanisa amenipa dakika tano baada ya matangazo. Aliniuliza mara mbili kama ni siasa. Nilimwambia ni ushahidi. Gazeti lichapishe lisichapishe, nitasimama mbele ya watu wale wale na kusoma sentensi nne. Jumatatu huenda nisiwe na kazi. Nimeshatoa vitu vyangu mezani.

Msamaha sikuombi. Neno hilo limetumiwa vibaya mno juu ya jeneza lako.

Pumzika, dada. Ninachokuahidi ni kwamba nitasoma kwa Kigusii, polepole, mama yako asihitaji kumuuliza jirani nimesema nini.

Nyaboke