Kofia Iliyopita Bila Kusalimia

Kibondo,
Ijumaa, baada ya swala.

Mke wangu Mwanaidi, Mama Zuhura,

Asalaam aleykum. Kabla ya yote nakujulisha kwamba anayeandika barua hii yu hai, ana miguu yote miwili, na anakula kuliko inavyompasa mgonjwa. Nyie je? Kifua cha Mama kimetulia? Rajabu ameacha kulala na viatu vya shule? Zuhura mwambie mchoro wake wa ng'ombe nimeubandika ukutani. Ng'ombe mzuri, ila kwa taaluma yangu nalazimika kusema chuchu hazikai mgongoni.

Naandika barua kwa sababu simu imenishinda. Kila nikifika kwenye neno "pikipiki" unakata, na ikiita tena ni kaka yako Ramadhani, anauliza kama kweli nimekatwa mguu. Barua haikatwi katikati. Nampa mwalimu Mhina, jirani yangu hapa, anayekuja Korogwe kwa ruhusa ya siku chache, na nimemwomba akukabidhi mkononi, asiipitishe kwa Ramadhani. Ile picha aliyoirusha kwenye kundi la familia si mimi. Pikipiki ya kwenye picha ni nyekundu, hii yangu ya ofisi ni ya bluu, na yule maskini aliyelala pale ana nywele. Umeishi na kipara changu muda wote huu, mke wangu, ukashindwa kukikumbuka?

Neno lako la mwisho nililisikia kabla hujakata: nirudishe pikipiki ofisini, la sivyo shule zikifungwa wewe na watoto hamji Kibondo. Hilo neno linaniuma kuliko bega. Nyumba nimeshapata, yenye uwanja, na kuku nimeshaanza kuwafuga kwa ajili yenu, ingawa wao hawajui. Kwa hiyo nisome mpaka mwisho, halafu uamue.

Unakumbuka nilipokutumia picha nikiwa na jaketi, glavu, buti na kofia ngumu, ambayo huku wote twaiita elementi, ukaniuliza kama serikali imenihamishia mwezini? Vitu vile nilivinunua mnadani Kasulu, kwa Nestori. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye ni raia wa hapahapa, na kwenye rundo la mitumba ana jicho la kunguru. Jaketi lina mabaka magumu mabegani na viwikoni. Nikalalamika kwamba limenikaa vibaya, linanifanya nionekane kama kabati. Nestori akanitazama.

"Mukubwa, hili si la kupendeza. Hili ni la kuanguka."

Nilicheka. Sasa sicheki, maana nikicheka bega linauma.

Huku kwa Waha salamu si kupunga mkono. Unasimama, unatoa uso wako uonekane, unasema "Mwakeye", unajibiwa, unaulizwa umeamkaje, na wa nyumbani kwako wameamkaje, ingawa nyumbani kwako ni Korogwe na wewe mwenyewe hujui. Anayepita kafunika uso ana lake jambo. Wiki zangu za kwanza kijijini Murungu nilipita na elementi yangu yenye kioo cheusi, kisha nikaitisha mkutano wa ugonjwa wa mihogo, wakaja mwenyekiti na mbwa wake. Aliyeniambukiza akili ni Bi Anzelina, bibi wa makamo ambaye shamba lake ndilo tunalofanyia mafunzo.

"Bwana shamba," akasema, "sisi tunakuletea nyuso, wewe unatupitishia ndoo."

Ndiyo maana bodaboda wa huku elementi wanaivaa mkononi. Wanayo, wanaijua kazi yake, lakini nani apite mbele ya mama mkwe wake kafunika uso? Kwa hiyo kiwiko cha dereva wa Murungu kinalindwa kuliko kiungo kingine chochote, na kichwa kinaachiwa upepo. Mimi nikatafuta njia yangu: kila kitongoji nasimama, naivua, nasalimia, naivaa, nafunga mkanda, naondoka. Safari ya asubuhi inafika mchana, lakini mikutano ikajaa.

Sasa siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, na mimi nilibeba pingili za mihogo, mbegu mpya isiyougua, wakulima wananisubiri ng'ambo ya mto na pingili zinanyauka. Nimechelewa. Nikampita Bi Anzelina getini kwake, elementi kichwani, mkanda umefungwa, sikusimama. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akinisindikiza kwa macho. Nikajiambia nitamwomba radhi jioni.

Kwenye mteremko wa kalavati, Filbert, kijana mchuuzi wa ndizi, akachomoka kutoka njia ya shambani na baiskeli iliyojaa mikungu ya ndizi hadi yeye haonekani. Breki yake ni ndala. Si utani: anaukandamiza mguu kwenye tairi na kumwomba Mungu. Siku hiyo ndala ilikuwa imelowa. Mimi sikufanya ushujaa wowote. Nilikanyaga breki, tairi la nyuma likachagua njia yake kwenye tope, nikaenda chini kwa bega la kushoto, nikaburuzwa kwenye changarawe, na kichwa kikapiga ukingo wa kalavati. Nilisikia mlio, Mama Zuhura, kama sufuria la pilau limeanguka sakafuni. Nikasubiri giza. Halikuja. Zilikuja ndizi.

Watu walifika upesi, Mungu awabariki, na kila mmoja alikuwa na lake.

"Mvueni hiyo kitu apumue!"

"Usiivute, shingo!" nikasema.

"Ni bwana shamba!"

"Ndizi zangu!" Huyo Filbert, mzima kama mlivyo nyie, hana hata mchubuko.

Nikaishika elementi kwa mkono uliobaki, kama mtu anayeshikilia kofia kwenye upepo, wakati mama mmoja anaivuta kwa huruma. Ndipo miguu ya Bi Anzelina ikasimama mbele ya uso wangu. Akainama, akachungulia ndani ya elementi, akasema polepole, "Mwakeye."

Na akasubiri. Wote wakasubiri. Nikaitikia, mke wangu, nikiwa ndani ya mtaro, ndipo wakanibeba.

Hospitali walinipiga picha: mtulinga, huu mfupa wa begani, umevunjika, mbavu zimetikisika, basi. Magoti mazima, viganja vizima, glavu ndizo zilizochunika. Lakini jaketi lililoshinda changarawe halikushinda mkasi. Nesi alilipasua kuanzia mkono hadi shingoni.

"Zipu ipo, dada yangu!"

"Kaka, tulia. Ukilivua, mfupa utatembea."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Fundi cherehani ameliunga kwa uzi wa kushonea magunia. Sasa ni kabati lililofanyiwa upasuaji.

Nikarudi nyumbani nikidhani nitawaonyesha watu elementi, ilivyopasuka juu ya sikio, wajionee. Ah wapi. Mchungaji wa jirani kasema ni maombi ya wamama wa kwaya. Mhina kasema ni dua ya mama yangu. Mkuu wangu wa kazi kauliza pikipiki ikoje, akaridhika, akaaga. Wote nimewashukuru, maombi nayapokea, lakini hakuna hata mmoja aliyetaka kuitazama kofia! Na bodaboda wa stendi, mkubwa wao Gervas, kaja kunipa pole, elementi kiwikoni. Nikamwekea yangu mapajani, nikamwambia tia kidole kwenye ufa. Akatia. Akasema, "Duh, mkuu, Mungu kakupenda." Akaondoka, elementi kiwikoni.

Kijiji nacho kina hukumu yake: nimeanguka kwa sababu sikusalimia. Nilibisha. Nikamwambia Bi Anzelina, alipoleta maharage, kwamba ningesimama kwake labda ningeisahau elementi mkononi kama wengine kwa haraka niliyokuwa nayo, na leo angekuwa analeta maharage matangani.

"Ungesimama kwangu," akasema, "Filbert angekuwa ameshapita."

Mke wangu, nimelifikiria hilo jibu huku nimelala chali. Ni kweli tupu. Ndiyo maana nimekasirika.

Lakini yeye ndiye mtu pekee aliyeiomba elementi bila kulazimishwa. Akaipakata, akapitisha kidole gumba kwenye ufa kama anayepapasa kichwa cha mtoto mchanga.

"Hapa pangekuwa fuvu."

"Pangekuwa."

"Basi pita umeivaa. Ila inua hicho kioo tuone macho, na upige honi mara mbili. Moja ni mwakeye, nyingine ni ya wa nyumbani kwangu. Nitawaambia watu wangu." Kisha akaongeza, "Na Gervas ni mwana wa mdogo wangu. Huyo niachie."

Sijui alimwambia nini. Juzi Gervas kapita hapa dirishani, kapiga honi mara mbili, elementi kichwani, macho yanaonekana, sura kama aliyenyweshwa mwarobaini. Kesho yake wakapita wawili. Mtaa sasa una kelele kama arusi isiyoisha na mimi nataka kulala, ila silalamiki. Yaani nalalamika, lakini si kwa hilo.

Pikipiki sirudishi, Mwanaidi. Sikufichi. Nikiirudisha nitakuwa bwana shamba wa mezani, na mihogo haiugulii mezani. Unachoweza kunidai ni haya: sitapanda mpaka mfupa uunge, sitaipanda bila mavazi yangu yote, na sitapita mtu kwa haraka tena. Filbert nimemtafutia breki za mpira. Kazifunga, ndala kaihifadhi, anasema ni akiba.

Nisalimie Mama, mwambie dua imefika. Nisalimie mjomba Saidi mwenye mashine ya kusaga, na shangazi anayekusaidia na watoto. Ramadhani naye msalimie, akipata nafasi afute picha.

Lililobaki ni dogo. Nestori ana elementi nyingine, nyepesi, ya kioo cha kuinuka, ameniwekea pembeni na anauliza ukubwa wa kichwa. Nimeshindwa kumjibu; wewe umeshindwa kipara, mimi nimeshindwa kichwa chako, tumelingana. Chukua uzi, uzungushe juu kidogo ya nyusi mpaka kisogoni, ukiwa umevaa mtandio kama unavyovaa safarini, funga fundo, mpe mwalimu Mhina. Cha Rajabu usipime, yeye atapanda akiota ndevu.

Kama huji, usiseme neno, mwache Mhina arudi mikono mitupu, nitaelewa. Lakini nimemwambia kabla ya kupanda basi la kurudi huku apite tena hapo kwetu, anywe chai, na asiharakishe.

Mumeo, mwenye bega moja kazini na jingine likizo,
Baba Zuhura.