Chini ya Kiwanja cha Barafu

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Kamwene, Mama Neema.

Habari za hapo nyumbani? Mguu wa mama mkwe unaendeleaje na baridi hii? Na Neema, bado anachagua chakula kama mtoto wa waziri? Mimi mwili ni mzima, ila midomo imenipasuka kwa upepo mkavu wa huku, hata ningekuja leo usingekubali nikubusu.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu simu yako ni redio ya ukoo. Nikikohoa huku kwenye ujumbe wa sauti, shangazi yako kesho yake anauliza kama nimepimwa kifua. Barua hii nampa mama mmoja wa Makambako anayekuja huku kununua nguo, anaondoka na basi la leo jioni. Akikufikishia, ingia nayo chumbani, funga mlango, uisome peke yako mpaka mwisho. Ni habari za Festo, mdogo wako, na si nzuri.

Naanzia kwenye kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa. Nilipokuambia tunajenga kiwanja cha barafu ulisema nimeanza kunywa. Haya, sikiliza. Kuna mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Watoto wanavaa viatu vyenye chuma chini kama kisu, wanafukuzana na kisahani cha mpira mweusi. Watoto wa mtaa huu walikuwa wakiucheza kwenye sakafu ya saruji kwa viatu vya magurudumu, mpaka wazazi na wafadhili wakaamua kuwajengea kiwanja chao, nje kabisa, pasipo paa. Wewe unaijua sakitu ya kwetu, inavyokuja usiku, inaua viazi, halafu jua likitoka inapotea. Kazi yetu ni kuizuia isipotee. Tunasawazisha mchanga, tunatandika mabomba membamba ya plastiki yaliyobanana kama nyuzi za mkeka, na ndani yake yanapita maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, yanayopozwa na mashine kubwa inayonguruma kutwa. Kisha tunanyunyiza maji juu, kidogo kidogo, tabaka likishika ndipo tunaweka lingine. Jua likiwa kali tunafunika yote kwa turubai jeupe. Yule mumeo wa kutengeneza friji za soda sasa anagandisha uwanja mzima, na usicheke, ni kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mwenzangu ni Mzee Kalala, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa kwaya, asiyeweza kushika spana bila kuimba. Binti yake Grâce ndiye golikipa wa timu. Asubuhi moja mzee alikuwa ameshika mpira wa maji ananyunyiza, ghafla wimbo ukakatika. Akaniita kwa kidole.

"Elia, ona. Mayi yote iko nakimbilia huku. Kuko kintu chini."

Ni kweli, maji yalikuwa yanateremkia upande wa goli la Grâce. Tulidhani ni uzembe wetu. Tukayeyusha, tukainua mabomba, tukaongeza mchanga, tukaweka pimamaji na kiputo kikatulia katikati. Baada ya siku chache maji yakakimbilia kule kule, na ubao wa uzio wa upande huo ukaanza kuinama. Injinia wetu, dada mmoja wa hapa anayeitwa Palesa, aliliona bila kuambiwa. Alichuchumaa pale muda mrefu, kisha akatuuliza, "Ninyi mnaishi mitaa hii. Mmesikia chochote kuhusu ardhi ya hapa?" Upande huu wa mji ulichimbwa dhahabu tangu enzi za mababu zetu, na kila mtu anajua chini kuna mashimo, ila hakuna anayejua yanaishia wapi. Nilimjibu kwamba sijasikia kitu, na siku hiyo lilikuwa jibu la kweli.

Sasa Jumapili iliyopita nilikuwa nakaanga mayai, mlango ukagongwa. Festo. Nilimkumbatia nikahisi mbavu zake zote. Alikuwa anafinya macho akaniomba nishushe pazia. Nikamtania, "Shemeji, walinzi wa benki za Sandton siku hizi mnalala makaburini?" Hakucheka. Alikaa kitandani akaniambia kwamba Sandton hajawahi kufanya kazi hata siku moja. Tangu Pasaka yuko chini, kwenye migodi iliyoachwa, anachimba dhahabu na wenzake bila kibali. Kuna watu wenye bunduki wanaolilinda shimo, na hao ndio wanaoamua nani apande na nani abaki. Siku ile walimtoa ili awanunulie betri na dawa.

Mama Neema, nilikasirika nikataka kumpiga. Halafu nikamwona anavyokula yale mayai, nikakatiza hasira. Ili nimchangamshe nikamwonyesha picha za kiwanja kwenye simu. Nilikuwa najisifu, unanijua. Huyu ni Mzee Kalala, hii ni mashine, huku nyuma ni kanisa la bati na tangi la bluu. Festo akaacha kutafuna.

"Hilo tangi liko nyuma ya bohari lililoungua?"

"Ndiyo. Unapafahamu?"

"Shemeji, tuko chini ya hapo. Tumeshakula nguzo za mawe zilizoachwa na wazee kushikilia juu, maana ndizo zenye dhahabu. Udongo unadondoka kila siku. Usiwaweke watoto hapo."

Nikamwambia basi asirudi, alale kwangu, kesho tumwambie injinia. Alitikisa kichwa. Kule chini amemwacha mwenzake, kijana wa Kirundi, kama dhamana. Asiporudi, yule kijana ndiye atakayeulizwa. "Na ukisema," akaniambia, "watakuja kuziba, na sisi tumo. Nipe wiki. Nitamtoa mwenzangu, tutapanda wote." Nilimsindikiza mpaka kwenye robot ya barabara kubwa, ndivyo huku wanavyoziita taa za magari. Alivuka hakugeuka nyuma.

Wiki aliyoiomba sikumpa. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie kutoka kwangu na si kwa mtu mwingine.

Ufunguzi ulikuwa umepangwa jana, Jumamosi. Nilijidanganya kwamba nitanyamaza mpaka Ijumaa, labda atatoka kabla. Nilikwenda kwa mama anayepika na kuwauzia wachimbaji chakula pale shimoni, nikampa ujumbe apeleke, akanitazama kama mtu anayejitafutia kifo, akaukataa. Jumatano mchana Mzee Kalala akamleta Grâce ajaribu barafu. Mtoto amevaa helmeti kubwa kuliko kichwa chake, akateleza, akaanguka, akacheka, akaenda kusimama golini kwake, akagonga barafu kwa gongo lake kuonyesha yuko tayari. Na mimi nikasikia ule mlio. Upande wa pili barafu ikigongwa inajibu kavu. Pale ilijibu kama mlango wa nyumba isiyo na watu. Mzee Kalala alikuwa anapiga makofi.

Nikaenda kwa Palesa nikamwambia yote. Nilitaja na watu walio chini, nilimtaja na Festo kwa jina. Alishika kichwa, "Eish, Elia," akasema, na kabla hata ya kupiga simu alimwita Grâce kwa sauti ya upole atoke kwenye barafu aende kunywa chai. Mashine ikazimwa siku hiyo hiyo. Palesa alinitetea kuliko nilivyotegemea. Lakini habari ilipofika kwa wenye ardhi haikuwa yake tena. Walikuja na vipimo vyao, wakakuta uwazi mkubwa, wakaamua pajazwe zege kutokea mdomo wa shimo hadi chini ya kiwanja. Palesa aliwaambia kuna watu. Mmoja wao akajibu kwamba mwenye njaa hupanda mwenyewe. Alibishana nao mpaka wakasogeza siku. Ni kesho, Jumatatu asubuhi.

Tangu Alhamisi askari wanatangaza kwa vipaza sauti, kwa Kizulu na Kiingereza. Wale wenye bunduki walishakimbia. Ijumaa nikawaomba askari waniachie nami niite. Nilipiga magoti pale mdomoni, hewa ya moto inatoka chini na harufu ya jasho na baruti, nikaita kwa Kibena ili Festo ajue ni mimi. Niliita mpaka koo likakauka. Jioni wakapanda wachache, wamejaa vumbi, wakafungwa pingu pale pale. Mmoja alikuwa Mtanzania. Nikamuuliza habari za Festo kabla hawajamwingiza kwenye gari.

"Yule wa Njombe? Mrundi wake ameangukiwa na jiwe mguuni, hawezi kupanda. Tulimwambia amwache. Amekataa."

Jana nilimtafuta kila mtu. Waokoaji wanasema hawashuki mahali panapoporomoka. Palesa anapiga simu mpaka sasa, hajalala. Mzee Kalala amekuja na kwaya yake kuomba pale kwenye uzio, na akanishika mkono akasema Mungu anilipe kwa ajili ya Grâce. Wewe ungejibu nini?

Barafu nayo imeyeyuka. Maji yote yameingia upande ule na kupotea ardhini, na nilipoyaona yakienda nilianza kulia mbele za watu, maana najua yanamdondokea nani. Kesho nitakuwa pale kabla ya malori. Palesa ameahidi kusimama nami. Sijui tutawazuia kwa muda gani. Hadi mama wa Makambako akufikishie barua hii mkononi, jambo hili litakuwa limekwisha, hivi au vile, na mimi nitakuwa nimekupigia simu. Kama nilipiga nikakuambia mazuri, choma barua hii. Kama nilipiga nikashindwa kusema, basi sasa unajua kwa nini. Usinisamehe haraka, na usiniache.

Nisalimie baba yangu mdogo, umwambie dawa ya ng'ombe nitaituma. Nisalimie dada yangu mkubwa na mumewe, na mchungaji, aniombee. Neema mbusu.

Na Festo naye, Jumapili ile, alinipa salamu pale kwenye robot. Alisema: msalimie mama, mwambie nilikula mayai kwako nikashiba. Msalimie Neema, mjomba wake anamkumbuka. Msalimie dada, mwambie asikasirike. Nilikuwa nimezihifadhi nije nizitoe mwenyewe nikija Desemba, lakini nimeona si vema nilale nazo usiku wa leo. Nimezifikisha.

Mumeo,
Elia, Baba Neema