Uholanzi Ambako Sikuwahi Kukaa

Weston, Toronto, Jumapili, Februari 2012

Theluji inaanguka tangu asubuhi. Wageni wameondoka, mimi nimejifungia chumbani kama mtu aliyeiba.

Sebuleni kwetu kuna picha ya mji wa Uholanzi: kanisa lenye mnara mrefu, na mbele yake uwanja wa soko, wanawake wameinamia vikapu vyao. Niliinunua kwenye duka la mitumba mwaka ule tulipofika Toronto. Mgeni wa kwanza aliyeiona aliniuliza kama tulipitia huko. Nikasema ndiyo.

Neno moja tu. Lakini uongo nao huzaa. Kufikia mwaka uliofuata nilikuwa “nimekaa” Uholanzi miaka mitatu, na binti yangu Kezia “alizaliwa” huko. Sasa ana miaka kumi na mmoja na anaamini hivyo. Amewaambia mpaka walimu wake.

Ukweli ni kwamba tulikimbia Burundi tukaishia kambini, Kigoma, na kutoka kambini tukaja Kanada. Hapa kanisani kuna waliopitia Ulaya, na wanavyotamka “watu wa kambi” hunikata maini. Sikutaka waniite hivyo.

Leo baada ya ibada tuliwakaribisha watu kwa chakula, akiwemo Mama Nadine, muumini mpya. Kumbe yeye ndiye aliyekaa Uholanzi kweli, miaka mingi. Alipoiona picha alisahau hata kuvua koti.

“Mama Kezia naye amekaa huko huko!” mchungaji akamwambia.

Mama Nadine akanigeukia uso ukimng'aa, akaniambia jambo kwa Kiholanzi.

Nikacheka. Nikajibu kwa Kiswahili, “Kabisa, dada yangu!”

Akanitazama. Mume wangu akainamia sahani yake.

Kisha Mama Nadine akawageukia wengine. “Kiholanzi changu kibovu, jamani. Hata wenyewe walikuwa hawanielewi.” Watu wakacheka, mazungumzo yakaendelea.

Alinisitiri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baadaye jikoni nilimuuliza alikuwa ameniambia nini.

“Nilikuuliza choo kiko wapi,” akasema kwa upole. “Mama Kezia, mimi pia nilianzia kambini. Ulidhani niliruka tu nikatua Ulaya?”

Nilipogeuka, Kezia alikuwa mlangoni na vikombe mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Alisubiri mpaka wageni wote wakaondoka. Akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, “Basi mimi nilizaliwa wapi?”

Nikamwambia. Kambini, mvua ikinyesha, nyumba yetu ikivuja, wanawake majirani wakiwa wameshika turubai juu yetu mpaka alipolia. Nikamwambia waliimba. Jambo hilo sijawahi kumsimulia mtu yeyote, na siku hiyo ndiyo niliyofurahi kuliko zote maishani mwangu.

Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno:

“Kwa hiyo ulikuwa unanionea aibu mimi?”

Nimesema hapana. Nimesema haraka mno. Ameingia chumbani kwake, na mpaka sasa hajatoka.

Jumapili ijayo nitaomba nafasi ya kutoa ushuhuda, niseme mbele ya wote mwanangu alizaliwa wapi na ni akina nani waliompokea.

Lakini kwanza, nikagonge mlango wake. Je, atanifungulia?