Chuo cha upishi kisichonuka kitunguu

Wewe, acha unachofanya unisome. Natoka kule chuo cha upishi sasa hivi. Na jana tu nimemuaga yule mpishi wa hotelini aliyekubali kunifundisha, eti naenda kusoma kitaalamu!

Jiko lao linang'aa. Sufuria nyeupe pe, hakuna hata moja yenye masizi. Nikajiambia, acha roho mbaya, labda ni wasafi tu.

Nikanusa. Jiko la chuo kizima, hakuna hata harufu ya kitunguu!

Nikamuuliza dada mmoja wa mwaka wa pili, "Leo mmepika nini?" Akaangalia mlango kwanza, akaninong'oneza, "Leo tumepiga picha."

Mara mwalimu huyo, meno yote nje. Nikamwomba niwashe jiko moja tu, nione moto wake. "Mwanangu, mbona una haraka? Moto ni mwaka wa tatu."

MOTO NI MWAKA WA TATU!

Nimempigia mpishi wa hotelini nikiwa hapo hapo getini. Hakuniuliza hata swali moja. Kasema tu, "Binti, njoo kesho asubuhi. Na hizo kucha ukate."