Mkeo Aliponipisha Njia

Mashamba ya Mpunga, Usangu,
S.L.P. Mbeya,
Jumapili, 17 Juni 1956

Mpendwa mwanangu Jailos,

Salaam nyingi zikufikie huko Kitwe, kwenye migodi ya shaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na kile kidole kilichobanwa na toroli kimepona. Hujaandika tena habari za kidole. Mimi nimenyamaza nikidhani kimepona, lakini mama yako anauliza kila tukikaa kula, kana kwamba mimi ndiye daktari wenu huko. Tafadhali mjibu.

Sisi huku miili ni mizima. Mama yako anasumbuliwa na magoti asubuhi, baridi ya Juni imeingia. Mdogo wako Yotamu anavuna, na mpunga umekubali kuliko mwaka wowote tangu tulipohama Tukuyu. Nakuandikia hivyo kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa tunafurahi.

Mwanao Tusajigwe anakua vizuri. Analala na bibi yake. Ameanza kutamka maneno mengi, mengine hatujui ameyatoa wapi, na akikasirika anakaa chini katikati ya uwanja hataki mtu amshike. Hapo tunakukumbuka wewe.

Barua yako ilifika juma lililopita. Mwalimu alitaka kunisomea kama kawaida, nikamwambia aniachie, nikavaa miwani nikaisoma mwenyewe mpaka mwisho. Hata hii naandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Zile za nyuma aliandika Mwalimu. Safari hii sikutaka mtu mwingine ashike kalamu.

Umeuliza mambo mawili. Ni mnyama gani aliyemuua mkeo, maana simu ya maandishi aliyokupigia Mchungaji kutoka Mbeya ilisema mnyama tu, na wenzako kambini wanasema bila shaka ni simba. Halafu umeuliza nani alikuwa naye. Umeandika kwamba huwezi kulala kwa kudhani alikufa peke yake.

Simba hapana, mwanangu. Tangu tuje Usangu, miaka saba sasa, simba amemla mtu mmoja tu upande huu wetu, mchungaji wa ng'ombe wa Kisangu, na habari zake zinasimuliwa mpaka leo. Nyati ameua wawili. Mamba simhesabu, maana anaowachukua hawarudi kutupa habari. Kifutu, yule nyoka mnene mvivu anayelala njiani, naye anaua, na hakuna anayemtaja. Lakini anayetumaliza huku ni kiboko. Anakula majani kama mbuzi, na wageni wakimwona majini wanacheka. Watu sita wa bonde letu amewaua, wote kwa kosa moja, kwamba walisimama kati yake na maji. Hana kisa na mtu. Anataka kurudi kwake, na wewe umemzibia mlango.

Aliyemuua mkeo ni kiboko. Jibu hilo watu wote wanalo. La pili ninalo mimi peke yangu, na nimekaa nalo miezi mitatu. Aliyekuwa naye ni mimi.

Nivumilie, nianze mbali kidogo.

Unakumbuka siku ulipomleta Damari nyumbani. Msichana wa misheni, binti wa Mzee Asukile wa Mbalizi, amelelewa kusalimia watu wazima kwa mkono. Akanijia pale uwanjani akitabasamu, akasema, "Ugonile, tata." Mimi, mzee wa kanisa, nikageuka nikaondoka bila kuitikia. Wewe unajua nilivyoishikilia desturi yetu ya Kinyakyusa: mke wa mwana asimtazame mkwewe, asiseme naye, na akimwona kwa mbali atoke njiani, ajifunike, ajifiche mpaka apite. Mchungaji alisema mara mbili kanisani kwamba Mkristo hana haja ya kumkimbia Mkristo mwenzake. Wewe nawe uliniomba. Nikakujibu kwamba Mchungaji awafundishe wakwe zake, wa kwangu aniachie.

Basi mama yako akamfundisha. Alijifunza upesi, alikuwa mtoto msikivu. Kwa miaka mitatu nilichokijua kwa mkeo ni mgongo na kanga. Chakula chake nilikula, na kilikuwa kitamu, lakini asante yangu ilipitia kwa mama yako. Nikajivuna kwa wenzangu nikisema mkaza mwanangu ametoka misheni lakini ana adabu kuwapita wa kwenu. Naona aibu kuandika haya, ila ndivyo nilivyosema.

Kule milimani kwetu desturi ile haikumdhuru mtu. Mwanamke akitoka njiani anaingia kwenye migomba, na mle atakutana na nini, labda mbuzi wa jirani. Huku Usangu njia zinapita kwenye matete yaliyomzidi mtu kimo, na humo ndani kuna njia nyingine ambazo hatukuzilima sisi. Tulihama na vyungu vyetu, na majembe yetu, na mambo yetu yote, na hakuna aliyekaa chini kufikiri lipi linafaa huku na lipi halifai. Mimi ndiye niliyepaswa kufikiri, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaleta.

Ilikuwa Jumatano, katikati ya Machi, jua limetoka muda si mrefu. Nilikuwa narudi kutoka kwenye dungu, tulikokuwa tukilinda mpunga kwa kupiga madebe. Mkeo alikuwa anakuja na mtungi wa maji kichwani. Kati yetu palikuwa na kama hatua hamsini hivi. Aliponiona akatua mtungi, akavuta kanga kichwani, akaingia kwenye matete akachutama, mgongo kwangu. Nikasimama kumpa nafasi. Nakwambia kweli yote, Jailos: nilifurahi. Nilijisemea, tazama heshima ile.

Alikuwa amechutama katikati ya njia ya kiboko. Yeye alikuwa hajui, uso ameufunika. Mimi nilijua, kwa sababu njia ile naiona kila siku. Na bado nilisimama pale nikifurahi, mpaka nikaona matete ya nyuma yanatikisika na ndege wanaruka.

Nikapiga kelele. Nilisema, "Ondoka hapo! Toka! Njoo huku!" Kwa sauti yangu yote.

Mwanangu, mkeo hakuwahi kusikia sauti yangu ikimwambia neno. Alizoea kwamba mkwewe akisema kitu karibu naye, basi yeye amekosea, hakujificha vya kutosha. Sasa akasikia mkwewe anafoka, tena anamfokea yeye. Hakusikia maneno, alisikia hasira. Akainama zaidi, akatambaa ndani zaidi, upande ule ule alikotoka mnyama. Nilimwona kwa macho yangu. Kadiri nilivyopiga kelele, ndivyo alivyozidi kunipisha.

Nilikimbia. Nilikuwa na mkuki, lakini miguu ya mzee unaijua. Kiboko alipita juu yake akamuuma mara moja ubavuni, akaingia mtoni. Hakurudi hata kutazama.

Ulitaka kujua kama alikufa peke yake. Hapana. Nilimbeba mimi mpaka njiani, na Yotamu na watu wengine wakaja na machela. Nilipomwinua ndipo nilipouona uso wake kwa karibu, mara ya kwanza tangu siku ile uwanjani. Ana alama ndogo juu ya nyusi, wewe waijua. Macho yalikuwa wazi, na akanitambua. Mkono mmoja ulikuwa bado unamtii, akauinua taratibu, akavuta kanga ajifunike nisimwone. Nikamwambia, "Acha, mwanangu, acha." Sijui kama alisikia. Tulikuwa tunampeleka dispensari ya Rujewa, alikata roho kabla ya kufika, kichwa chake kikiwa mkononi mwangu.

Nimelia sana, Jailos. Wanaume wa rika langu huku wamenishangaa, nami sikujali.

Mazishi yalikwenda vizuri. Mwarabu mwenye duka hakuwapo, lakini Bwana Othmani anayemuuzia alitoa marekani ya sanda mwenyewe, akaja na wenzake wa msikitini wakachimba kaburi pamoja na vijana wetu. Ukirudi umshukuru.

Mzee Asukile alifika siku ya tatu kutoka Mbalizi, amepanda lori la mpunga. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Watu walikuwa wamemweleza kwamba kelele zangu zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Akanishika mikono yote miwili mbele ya waombolezaji, akasema, "Ndaga fijo, mkwe. Umempigia kelele mtoto wangu. Kiboko ndiye hakusikia." Kwetu ndaga ni neno zito, unalijua. Nami nikaipokea asante ile. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwema, tukakaa tukanywa uji.

Baadaye akaja Bwana Nyama, yule Mzungu wa serikali anayeshughulika na wanyama waharibifu, na askari wake wawili. Walimpiga kiboko mmoja risasi. Kama ni yule, hakuna ajuaye, wote wanafanana. Watu wakagawana nyama. Nyumbani kwetu haikuingia. Bwana Nyama alikuwa na daftari, akaniuliza jina, umri, mahali, na mnyama gani. Nikamjibu yote. Akaandika kiboko, akafunga daftari, akapanda gari lake. Nilitaka kumwita arudi afute. Sikujua ningemwambia aandike nini.

Mama yako hajui. Anajua nilipiga kelele, hajui kelele zilifanya nini. Anadhani ninakonda kwa huzuni tu.

Baada ya arobaini nilimwita Yotamu na mkewe, Tupokigwe. Nilisema kwa kupitia mlangoni, maana Tupokigwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwamba kuanzia leo mtu asinikimbie tena katika mji huu. Yotamu aliinamisha kichwa. Kesho yake mkewe akajificha kama kawaida, na siku iliyofuata vile vile. Nimkasirikie nani? Sisi ndio tuliomfundisha. Miguu yake inatoka njiani kabla yeye hajafikiri.

Juma lililopita nilikutana naye njia ile ile ya mtoni, amebeba kuni. Nikaona anaanza kuinama kuzitua. Basi mimi nikatoka njiani. Niliingia kwenye matete mimi, na mvi zangu, nikampa mgongo, nikasimama humo. Alikaa muda mrefu bila kusogea. Halafu nikasikia nyayo zake zinapita upesi upesi, na analia. Sijui kama nimefanya vizuri au nimemwongezea hofu. Jirani mmoja aliniona, na sasa wanasema mzee Ezekia ameanza kuchanganyikiwa. Waseme.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuandikia. Sikuandikii ili unihurumie. Umeuliza swali la haki, nami sikuweza kukujibu kwa mkono wa Mwalimu.

Jumamosi nitapanda lori kwenda Mbalizi kwa Mzee Asukile. Nitamwambia kama nilivyokwambia wewe, na asante yake nitamrudishia. Akinifukuza uwanjani kwake nitaondoka. Akimtaka mjukuu wake akalelewe kwao, sitakuwa na neno, ingawa sijui mama yako nitamtazamaje. Ila nimemwomba Mungu asimtake.

Mkataba wako unaisha Septemba. Watu wanasema wengi mnatia saini tena palepale. Sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Lakini kama utabaki huko kwa sababu hutaki kuniona, niandikie hivyo waziwazi, usisingizie kazi. Na kama utakuja, njoo na hasira yako yote, usiiache Kitwe. Nitakaa uniseme mpaka umalize. Kaburi limezungushiwa mawe, msalaba nimesema asiuandike mtu mpaka ufike wewe.

Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri. Yotamu na Tupokigwe wanakusalimu. Mwalimu anakusalimu, amenuna kidogo kwa kunyimwa kazi yake. Bwana Othmani salaam. Tusajigwe hajui salaam, nimemwambia kwamba hapa naandika jina la baba yake, akaweka kidole chenye uji juu ya karatasi. Doa hilo ni lake.

Mungu aliyempokea mkeo akulinde huko chini ya ardhi unakofanya kazi, akupandishe salama kila jioni.

Wako akupendaye, hata kama wewe kwa sasa huwezi,

Baba yako,
Ezekia